Kozi ya wiki 6 ya zabibu na mvinyo Dodoma: shambani wako vizuri, kwenye mvinyo wenyewe hapana

Watu wananiuliza sana kuhusu ile kozi ya zabibu niliyoenda kusoma Dodoma, kila mtu namjibu nusunusu, acha nimalize hapa mara moja. Jina la chuo silitaji, ni cha mtu binafsi na mwenyewe wala si mtu mbaya, ila hela yangu ilikuwa ya jasho kwa hiyo nitasema nilichokikuta.

Mimi nimekuwa weita miaka mitano kwenye hoteli moja Posta, Dar, mwishoni wakanihamishia baa. Hapo ndo nikaanza kuipenda waini, sio kuinywa tu (na hiyo pia ipo, sikatai), ila ile hali ya mgeni kukuuliza hii ya Dodoma ikoje, na wewe unabaki "nzuri bosi, nzuri" maana huna lingine. Nikaona aibu hii itaisha lini. Tangazo likasema wiki 6, kuanzia kulima zabibu mpaka kutengeneza mvinyo, cheti, na fursa za ajira viwandani. Ada laki nne na nusu, kula na kulala juu yako. Nikaomba likizo isiyo na malipo, nikapanda SGR kwa 31,000, jioni nipo Dodoma natafuta geto la kupanga mwezi na nusu.

Sasa kosa nililofanya, na ndilo lililonifanya niandike yote haya: nilienda katikati ya Novemba. Sikuuliza. Nilijua kuuliza ada, nikauliza na kama kuna ofa, lakini sikuuliza zabibu huwa zinaiva lini!

Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya Februari na Machi halafu ya Agosti na Septemba. Toka mzabibu upogolewe mpaka uvunwe ni kama miezi minne. Haya piga hesabu, mtu anayeingia darasani Novemba na kumaliza mwisho wa Desemba ataona kupogoa, ataona machipukizi, ataona kupiga dawa, akibahatika ataona vipunje vidogo kama pilipili manga, halafu anapewa cheti cha kutengeneza mvinyo. Mvinyo wa nini? Hapo shambani hakuna hata punje moja ya kukamua.

Ila niwe mkweli, upande wa shamba walinimaliza. Mwalimu wa shamba ni mzee mmoja wa Kigogo, sijui kasoma mpaka darasa la ngapi na sikujali. Asubuhi mnafika, mbukwa, shikamoo babu, anaitikia huku anatembea, hasimami. Siku ya kwanza hakutupa mkasi kabisa. Alitusimamisha mbele ya mzabibu mmoja uliojaa majani akasema, "Wajukuu, huu mti hapa kwetu haujui kulala." Ndo akatueleza kwamba Ulaya baridi ikiingia mzabibu unapukutisha majani unalala, ukiamka kuna joto unaanza upya, mavuno moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya hivyo, ukiuacha utaendelea tu kutoa majani ovyo, kichala hapa, kichipukizi pale, hakuna msimu. Kwa hiyo wewe ndo unauambia mwaka umeanza. Akanyanyua mkasi akasema, "Baridi yetu ni hii."

Aisee, nilikuwa nimesomasoma mtandaoni mambo ya waini miaka miwili, hicho kitu sikuwahi kukielewa mpaka siku ile.

Kupogoa kwenyewe sio kukata tu. Unatafuta tawi lililokomaa, la rangi ya kahawia, sio la kijani, unahesabu macho (pale chipukizi linapotokea) toka chini, unaacha mawili, matatu likiwa nene, unakata juu ya jicho la mwisho na unaacha nafasi kidogo, tena unakata mshazari ili mteremko uangalie upande ambao jicho halipo. Kwanini? Kwa sababu mzabibu ukikatwa unalia, maji yanadondoka kweli, sio hadithi, niliweka kiganja chini yakadondokea, na babu hataki yamwagikie kwenye jicho. Mimi ya kwanza nilikata karibu mno jicho likakauka, babu akalichuma akanipa mkononi, "kichala chako hiki, weka mfukoni." Darasa zima likacheka. Nilikaa nalo mfukoni mpaka jioni.

Wiki ya tatu mvua ikaanza na ndo tukajua kwanini mavuno ya Machi yanawatesa wakulima kuliko ya Agosti. Ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Kuna ubwiri unga, ule unaokuwa kama mtu kamwagia jani unga wa ngano, huu salfa inausumbua, na kuna ubwiri vinyoya, huu jani juu linakuwa na madoa ya njano kama limedondokewa mafuta, ukiligeuza chini unaona vinyoya vyeupe, dawa yake ni zile za kopa, na ukichelewa siku tatu za mvua umeumia. Babu alikuwa anatutembeza mstari kwa mstari, kila mtu ageuze majani, atakayelikosa lenye vinyoya anabeba bomba la dawa mgongoni. Nimebeba hilo bomba sana. Mchwa nao wana sura yao kwenye hii habari, zile nguzo za nyaya wanazila kwa chini, unakuta mstari mzima umelala asubuhi, ila hilo tulifundishwa kwa dakika kumi tu tukaendelea.

Tulikuwa tisa darasani. Mmoja dada wa Kondoa, Muislamu, alikuja kwa ajili ya miche na zabibu kavu, akasema mapema kabisa kilevi haonji. Hakuna aliyemsumbua, nawapa maksi hapo. Cha kuchekesha ndo alikuja kuwa wa kwanza kwa kusoma refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari ya zabibu, sisi wanywaji tunabishana dada anatuambia namba.

Sasa njoo kwenye mvinyo.

Wiki ya nne mwalimu mwingine akaja, kijana, anajua anachosema, nisimwonee. Ubao ukajaa. Kwamba sukari ya zabibu inapimwa kwa Briksi, ukizidisha kwa 0.55 hivi unapata takriban asilimia ya kilevi, yaani zabibu za Briksi 22 zinakupa mvinyo wa asilimia 12 kwenda juu kidogo. Kwamba nyekundu inachachuka pamoja na maganda yake maana rangi iko kwenye ganda, nyeupe unakamua kwanza. Kwamba nyekundu inavumilia joto la nyuzi 25 mpaka 30 lakini nyeupe inataka ubaridi, 12 mpaka 18, ukiiacha kwenye joto harufu yote ya tunda inapotea. Nzuri. Tukauliza, tutaona wapi? Akakaa kimya kidogo, kesho yake akaja na makasha mawili ya zabibu za kula za kutoka Sauzi, zile hazina mbegu, za supamaketi.

Tukazisafisha, tukazivuruga kwa mikono kwenye ndoo ya lita 20, dada wa Kondoa akapima: 16. Mwalimu mwenyewe akaguna. Tukaweka hamira, tukafunika kitambaa, na kile chumba kilivyo cha bati mchana kulikuwa kama tanuri. Siku ya tano tukaonja. Ndugu zangu, ilikuwa juisi iliyolala jikoni. Asilimia 8 na ushee kwa hesabu, haina uchachu unaoeleweka, na juu kuna vile vinzi vidogo vinavyopenda siki. Na hiyo ndo ilikuwa "vitendo" ya kutengeneza mvinyo, imeisha. Sio kosa la yule kijana, mtu kaletwa Desemba afundishe uvunaji.

Siku moja walitupeleka kiwandani, hiyo ilikuwa siku nzuri, tanki za chuma kisichoshika kutu zimevishwa koti la maji baridi, na jamaa aliyetupokea kitu cha kwanza alichosema ni hakuna mtu kuingiza kichwa kwenye tanki. Zabibu zikichachuka zinatoa kabonidayoksaidi, ni nzito, inakaa chini, haina rangi na ukiingia unadondoka kabla hujaita mtu. Baada ya saa mbili tu tukatolewa. Nilitamani nibaki wiki.

Cheti: kina nembo ya chuo na sahihi, hakina namba ya VETA wala NACTVET, wale wanaosimamia mafunzo ya ufundi. Niliuliza siku ya mwisho, ambayo ndo siku mbaya kuliko zote ya kuuliza. Na ile "fursa za ajira" ilikuwa ni karatasi yenye majina ya viwanda. Viwanda vya mvinyo Dodoma unavihesabu kwa vidole, na msimu ukifika wanachukua vibarua wa kupokea na kukamua, cheti cha wiki sita hakimshtui mtu pale.

Sasa mbona sijutii? Kwa sababu ya babu. Nilimuomba namba, Agosti nikarudi kwa hela yangu mwenyewe, siku 12, nikafikia kwake Mpunguzi. Bila ada. Kavu, hakuna mvua, usiku kibaridi, zabibu ile Makutupora nyekundu inanata mkononi kwa sukari, refraktomita ikasoma 22 na nusu, nikampigia dada wa Kondoa kumwambia namba akashangilia. Zabibu nyingi babu anauza kwa kilo, kidogo anabaki nazo anatengeneza mchuzi, yaani mvinyo wa nyumbani. Tukakamua kwenye simtank. Mara tatu kwa siku, alfajiri, mchana, usiku, unachukua mti uliochongwa unasukuma maganda chini, maana yanapanda juu yanatengeneza kofia nene kama mkate, ukiyaacha yakauke yanageuka siki. Kwa ajili ya joto tulizungushia magunia tunayamwagia maji. Teknolojia ya koti la maji baridi, toleo la Mpunguzi hahaha. Mchuzi wenyewe ulikuwa mkali, una makali ya ganda, sio wa kumpa mgeni wa Posta, lakini sasa najua kwanini ni mkali na ningeweza kukwambia tulikosea siku ya ngapi (ya sita, tulichelewa kutenga maganda).

Kwa hiyo nikija kwenye kozi, shamba 9 kwa 10, mvinyo 3, cheti hata sikipi namba. Ukiwa na heka yako Dodoma au unataka kuanza, nenda bila kuwaza, hela itarudi. Ukiwa unatafuta kazi ya kuwa mtengeneza mvinyo haswa, laki nne na nusu haikufikishi. Anza na SUA Morogoro, chuo kikuu cha kilimo, horitikacha au sayansi ya chakula, huko ndo utapata kemia, na TARI Makutupora ndo kituo cha utafiti wa zabibu (wengi tunaijua Makutupora kwa JKT tu). Wenye uwezo au bahati ya skolashipu waangalie Stellenbosch, Afrika Kusini, digrii ya miaka minne. Na msiseme hiyo ni ya wenyewe. Ntsiki Biyela alitoka kijijini KwaZulu-Natal, hajawahi kuonja waini maishani, akapelekwa Stellenbosch kwa ufadhili wa shirika la ndege la South African Airways, masomo mengi yakiwa kwa Kiafrikaans ambacho hakijui, akamaliza 2003, na mwaka 2016 akaanzisha kampuni yake, Aslina, jina la bibi yake. Sisi wa baa na hoteli kuna WSET, ile kozi ya waini ya London yenye leveli, hiyo inakufundisha kuijua na kuihudumia waini, kutengeneza haikufundishi, usichanganye.

Wale wenye chuo nimeshawaambia, wala hawakukasirika. Nimewaambia wahamishe darasa, waanze katikati ya Julai wamalize mwisho wa Agosti, mtu apige shamba kidogo akutane na mavuno. Wakasema Novemba ndo watu wana hela ya ada. Sawa. Mkiwapigia ulizeni mwezi kwanza, ada baadaye.

Mimi nimeshanunua refraktomita yangu Kariakoo, elfu themanini baada ya kubishana sana. Babu alipiga juzi, anasema upande wa chini utakuwa tayari wiki ya kwanza ya Septemba, na safari hii maganda tunatenga siku ya tano.