Kunyoosha misuli kabla ya mazoezi: kwa kutulia au kwa mwendo?

Mteja akifika, wakufunzi wengi humwinamisha ashike vidole vya miguu na kutulia hapo. Mimi naanza na mwendo: kubembeza mguu mbele na nyuma, kuchuchumaa bila uzito, kuzungusha mabega. Hapo misuli inapata joto, mapigo ya moyo yanapanda, na viungo vinazoea njia ileile vitakayopita akishabeba chuma.

Kunyoosha kwa kutulia, hasa msuli mmoja ukishikiliwa zaidi ya sekunde 60, hupunguza nguvu kidogo kwa muda. Anayekwenda kunyanyua au kukimbia mbio fupi hana haja ya hasara hiyo. Ila kwa kuongeza unyumbufu kunafaa sana, sekunde 30 hivi kila msuli, mazoezi yakiisha. Mteja anayeshindwa kuchuchumaa kwa sababu nyonga zimekaza, huyo usimnyime.