Uzoefu wangu na Digital Wellbeing ya kwenye Android, mimi ni fundi nguo hapa Dodoma

Wadau habari za mchana. Kuna watu wengi wanauliza kama hizi programu za kupima muda unaokaa kwenye simu zinasaidia kweli au ni urembo tu. Mimi nimetumia ile inayokuja na simu yenyewe, Digital Wellbeing, kwa miezi kadhaa sa hivi, na hapo katikati nikajaribu na zingine za kupakua, ngoja niseme nilichokiona. Mimi ni fundi nguo, nina kibanda maeneo ya Majengo, kwa hiyo mtu wa ofisini huko Mtumba anaweza akaona tofauti na mimi na akawa sawa tu.

Kwanza msihangaike kuitafuta Play Store, wengi mnayo tayari. Ingia setingi shuka chini utaikuta, kama simu umeiweka Kiswahili imeandikwa Nidhamu Dijitali. Google waliitangaza 2018, na mwaka huohuo Apple wakaleta ya kwao, Screen Time, kwenye iOS 12, kwa hiyo wenye aifoni na nyie mnayo. Ni bure, haina matangazo na haikuombi bando ili ikuhesabie.

Ukiifungua unakutana na duara la rangirangi, kila rangi ni aplikesheni moja, katikati wamekuandikia masaa ya leo. Hapo kwenye masaa ndo kila mtu anashtuka anaanza kupiga picha ya skrini anawatumia wenzake. Ila kuna namba zingine mbili ndogo ambazo watu hawaziangalii, umefungua simu mara ngapi na notifikesheni ngapi zimeingia. Kiukweli kwa mtu wa biashara hizo mbili ndo zenye maana, masaa ni ya kukutisha tu.

Nieleze kwa nini. Masaa yangu yalikua yanacheza kwenye matano mpaka sita kwa siku na WhatsApp imekula zaidi ya nusu. Ukimuonesha mtu atakwambia dada simu imekumaliza. Lakini kazi yangu yote inapitia WhatsApp, mteja anatuma picha ya mshono kautoa Instagram, naisimamisha simu kwenye kopo la vifungo skrini inawaka, nakata kitenge huku naangalia bega limekaaje na mkono umeanzia wapi, hiyo nusu saa nzima inahesabiwa kwamba niko kwenye simu wakati niko kwenye hela. Afu jioni nakaa naangalia stetasi za watu, nani kaenda harusini kavaa nini, nani kamtupia nani vijembe, nayo ni WhatsApp hiyohiyo na rangi ileile kwenye duara. Programu inajua jina la aplikesheni, haijui umefuata nini humo ndani. Hata ungekua unaangalia mahubiri YouTube au unaangalia watu wanaanguka ovyo, kwake yote ni YouTube.

Namba ya kufungua simu ndo haina pa kujificha. Yangu ilikua inapita mia kwa siku, na sikua naamini mpaka nilipoanza kujiangalia mikono. Uzi wa chini ukiisha kwenye cherehani, kabla hata sijaitoa bobini mkono mmoja umeshafika kwenye simu. Nabonyeza, hakuna kitu, nazima. Mteja akimaliza kupimwa akitoka, nabonyeza. Pasi inasubiriwa ipate moto, nabonyeza. Umeme ukikatika ndo usiseme kabisa. Kila moja ni sekunde chache, kwenye masaa haionekani hata, ila ukirudi kwenye pindo uliloliacha katikati unaanza upya kuangalia ulikua umeingiza sentimita ngapi, unafumua kidogo ujiridhishe, unashona tena. Gauni la siku moja linakua la siku mbili na hakuna sehemu umekaa ukachezea simu ukasema hapa ndo muda wangu ulipopotea. Mdogo wangu ninaemfundisha kazi alivofungua ya kwake akacheka, "dada mbona mimi masaa yangu machache kuliko ya kwako", nikamwambia soma na hapo chini. Akasoma, akairudisha mfukoni.

Sasa kwa nini mtu anafungua simu mara zote hizo, jibu ni ile namba ya pili, notifikesheni. Ukigusa duara unaingia kwenye orodha ya aplikesheni zote, hapo juu unaweza ukabadilisha uone kwa notifikesheni badala ya muda, ndo utajua adui yako ni nani. Kwangu haikua TikTok wala nini, ni magrupu. Grupu la wazazi wa shule, grupu la kwaya, la kikoba, na yale ya michango ya harusi ambayo Mtanzania yeyote anayajua. Jamani yale magrupu! Mtu mmoja akilipa elfu hamsini, orodha yote inanakiliwa upya kuanzia namba moja mpaka namba themanini na kitu, katibu anaituma, mwingine anasema hongera, wa tatu anaweka mikono ya kupiga makofi, afu anatokea mwingine anasema jina langu mmelisahau, orodha inaanza upya. Ukiwa kwenye kamati mbili kwa wakati mmoja simu inatetemeka kama ina homa.

Nilichofanya, na hii ndo imenisaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye stori hii yote, magrupu yote nimeyanyamazisha. WhatsApp inakupa masaa 8, wiki, au daima, mimi nimeweka daima, afu nikayapeleka kwenye kumbukumbu, yale mazungumzo yaliyofichwa juu kabisa. Zamani ujumbe mpya ukiingia grupu lilikua linarudi mbele lenyewe lakini tangu 2021 linabaki hukohuko mpaka ulitoe mwenyewe. Hutapitwa na la muhimu, maana mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako bado simu inakwambia. Nayapitia jioni mara moja, nachangia, basi. Hakuna harusi iliyoahirishwa.

Kwa wateja nikahamia WhatsApp Business, nayo ni bure, kuna sehemu unaandika ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa haupo na unaupangia saa. Wa kwangu unasema niko kwenye cherehani, nitajibu saa saba na saa kumi na mbili jioni, kama ni haraka piga. Nilijua wateja watanuna lakini wapi, waliokua wanaandika "fundi vipi gauni langu" kila baada ya lisaa sa hivi wanapiga, tunaongea nusu dakika tumemalizana. Malipo nayo hayajaguswa, hela za simu zinapita kwenye menyu ya nyota mia na hamsini na meseji za kawaida, kwa hiyo hata ukizima maaplikesheni yote hela inaingia kama kawaida.

Tuje kwenye kufunga muda, maana najua ndo wengi mnataka. Unachagua aplikesheni, unaiwekea dakika. Mimi niliweka TikTok na Instagram nusu saa kila moja. Ikibaki kidogo inakuonya, muda ukiisha inajifunga hata kama video iko katikati, na picha yake pale nje inakua ya kijivu kama ya marehemu. Uzuri wake nimeuelewa baadae. Kule kuskroli hakuna mwisho, na hakukutokea kwa bahati mbaya, yupo Mmarekani anaitwa Aza Raskin aliebuni huo mtindo wa kushuka bila kufika chini mwaka 2006, na mwenyewe alishasema hadharani anajutia. Kurasa zikiwa na mwisho, ukifika mwisho unajiuliza niendelee au niache. Zikiwa hazina, nani akuulize? Sasa ile dakika 30 inakuletea huo mwisho.

Ila msidanganyike kwamba ni kufuli. Kuitoa ni rahisi mno, unarudi setingi unafuta ule muda, dakika moja haiishi uko ndani tena. Kama unatafuta kitu cha kukukaba koo hii siyo. Mimi inanitosha kwa sababu ile safari ya kwenda setingi inanipa muda wa kujiuliza nakwenda wapi, ila mdogo wangu niliemtaja alikua anaifuta huku anaongea na mimi, haangalii hata skrini.

Kuna jambo lingine linanikera mpaka leo. Muda unaanza upya saa sita usiku. Jamani kwetu siku inaanza asubuhi, saa sita na nusu usiku mimi bado niko kwenye jana yangu, niko kitandani, na hapohapo simu inaniambia una nusu saa mpya ya TikTok na nusu saa mpya ya Instagram. Ukichanganya na hizi bando za usiku za bei rahisi ndo kabisa, mtandao unakupa GB na simu inakupa ruhusa kwa wakati mmoja. Zamani bando la kawaida lilikua ndo mlinzi wetu, likiisha unalala, unataka hutaki.

Dawa ya hiyo nimeipata kwenye sehemu ya kulala. Unapanga saa, mimi nimeweka kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka kumi na moja alfajiri, simu inanyamaza na skrini inakua nyeusi na nyeupe. Hakuna kitu kinaua hamu kama TikTok isiyo na rangi, vyakula vinaonekana majivu matupu. Alamu inalia kama kawaida. Nilichokua naogopa ni mama, yuko Kongwa na umri umeenda, je akizidiwa usiku? Kumbe unaweza kuruhusu namba ulizoziwekea nyota zipite, na hata namba isiyo na nyota unaweza kuiruhusu ilie ikikupigia mara ya pili ndani ya dakika 15. Kaeni na setingi hizo vizuri kabla hamjalala na simu imezimwa sauti, msiwaweke wazazi kwenye wasiwasi.

Kichekesho ni kwamba rangi zikizima, fundi nguo umekwisha. Mteja kanitumia usiku picha ya kitambaa anauliza uzi nitapata wa kufanana, mimi naona kijivu, namjibu kijivu kipo. Kesho yake kaja na kitambaa cha zambarau. Sa hivi picha za vitambaa naziangalia asubuhi tu.

Hizo zingine nilizojaribu sitaziongelea sana. Moja ilikua na michoro mizuri kuliko hii lakini kila ukiifungua tangazo, yani programu ya kukupunguzia muda wa simu inakulazimisha uangalie tangazo la gemu mpaka liishe, na simu yangu ilikua inaizima yenyewe nyuma ili kuokoa chaji, kwa hiyo hesabu inakuja pungufu. Forest ndo niliipenda. Unaweka mfano dakika 25, mti unaanza kuota kwenye skrini, ukitoka ukaenda kuchungulia kitu kingine mti unakauka. Kwa sisi tunaoimbiwa Dodoma ya Kijani kila siku na tunajua mwarobaini mmoja mbele ya duka unavotaka maji ya ndoo kiangazi kizima, kuona mti unakua dakika 25 ni raha ya ajabu. Naitumia nikikata suti, maana kwenye suti ukikosea umenunua kitambaa cha mtu. Siku za kawaida siigusi.

Na Bunge la bajeti likianza Aprili, mji unajaa wageni, kazi za haraka zinaingia mpaka mwisho wa Juni, hapo natumia kile kipengele cha utulivu kilichomo humohumo Digital Wellbeing, unachagua aplikesheni za kusimamishwa zote kwa mpigo na unapanga siku na saa, ukizidiwa kuna kitufe cha kuomba mapumziko mafupi. Hiki kwangu kimeshinda kufunga dakika dakika, maana asubuhi ndo nakata na nataka kimya, jioni skroleni mnavotaka.

Matokeo? Masaa yameshuka kidogo tu, sitawadanganya, WhatsApp bado inaongoza na itaendelea kuongoza maana ndo ofisi. Ila kufungua simu kumeshuka kama nusu na nguo zinatoka kwa tarehe niliyomwambia mteja, jambo ambalo mnajua mafundi tunavosemwa. Nikitoa maksi ni saba kwa kumi. Mbili nimekata kwa ile saa sita usiku, moja kwa kushindwa kutofautisha WhatsApp ya kazi na ya umbea. Kama tatizo lako ni TikTok tu na huna biashara kwenye simu, kwako inaweza ikafika hata nane, ila kama una mtoto wa kidato unataka umdhibiti usitegemee hii ya kawaida, ataifuta kabla hujatoka chumbani. Google wana nyingine ya wazazi inaitwa Family Link, unaisimamia ukiwa kwenye simu yako wewe.

Anaejua programu inayokuruhusu kuchagua mwenyewe siku ianze saa ngapi, isiyo na matangazo na isiyokula chaji, aniambie. Simu yangu ni Android ya kawaida, RAM 4, na ujumbe wako nitauona saa saba.