TAHADHARI: Dalali wa shoo anayeuza bendi na kuondoka na hela ya waliopiga

Wakuu, hasa mnaoongoza bendi ndogo hapa Dar na mikoa ya jirani, kuna jamaa anazunguka akijitambulisha kama mratibu wa harusi na matamasha. Sisi ametutapeli. Bendi moja ya Sinza nayo imelizwa, na waimbaji chipukizi kadhaa wanaopiga kopi, yaani nyimbo za wasanii wengine, kwenye mabaa wameshaanza kutupa habari zinazofanana. Jina lake siliandiki kwa sababu suala liko polisi. Hata ningeliandika lisingewafaa, maana Sinza wanamjua kwa jina lingine na namba nyingine kabisa. Mtambueni kwa kazi yake.

Kwanza, haombi punguzo. Mnajua wenyewe kamati za harusi za mji huu: ukitaja milioni mbili na nusu wanakuuliza kama tumba ni lazima ziwepo. Huyu ukimtajia bei anasema "sawa kaka, hakuna shida," halafu anaomba video fupi za bendi ikiwa jukwaani, ili "mteja aridhike". Video hizo ndizo anazotembeza kwa wateja kana kwamba bendi ni yake, na kwa mteja wetu alituuza milioni nne na ushee.

Kianzio analipa, na analipa kwa wakati. Hapo ndipo anapowamaliza watu, kwa sababu tapeli tuliyemzoea ni yule anayeomba hela, siyo anayetoa. Ametuma laki tano, tumelipa vyombo vya kukodi na kirikuu ya kuvipeleka Mbezi Beach, na kila mtu akaamini tumepata bosi. Siku ya shughuli alifika mapema kuliko sisi, amevaa suti, anamwelekeza MC, anagombana na watu wa mapambo kuhusu viti. Fundi mitambo wetu alidhani ndiye mwenye ukumbi.

Makubaliano yalikuwa salio lilipwe kabla bibi na bwana harusi hawajaingia. Akapiga danadana mpaka muziki ulipokolea, halafu akamwonyesha kiongozi wetu kwa mkono kwamba ametuma. Simu ikaita mlio wa meseji. Ujumbe wa muamala ulikuwa na kila kitu: namba ya kumbukumbu, tarehe, saa, jina la kiongozi lote kamili, shilingi 2,000,000. Sasa fikiria umesimama pembeni ya jukwaa, monita inavuma sikioni, mpiga besi anauliza wimbo unaofuata ni upi, kioo cha simu kimelowa jasho. Nani anasoma mstari wa salio? Tulipousoma kwa utulivu usiku ule, salio jipya lilikuwa milioni mbili kamili, wakati simu ilikuwa na elfu kumi na kitu kabla ya hapo. Tena ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, ukakaa peke yake, haukuungana na meseji zetu za zamani za M-Pesa. Kupiga *150*00# na kuangalia salio ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo njia ya uhakika ya kujua hela imeingia. Meseji siyo hela.

Saa tisa usiku, vyombo vinafungwa, namba yake haipatikani. Tukamfuata mweka hazina wa kamati, mama mmoja mstaarabu sana, akafungua simu yake na kutuonyesha: alishamlipa yule jamaa yote tangu katikati ya wiki, pamoja na hela ya "usafiri wa wanamuziki" ambao sisi tuliulipia wenyewe. Hana kosa. Na sisi tulikuwa na deiwaka wawili, yaani wanamuziki wa kulipwa kwa siku, mpiga kinanda na mwimbaji mmoja wa kike, na deiwaka hajui habari za dalali wala kamati, anajua kesho watoto wanakula. Walilipwa mfukoni kwa kiongozi. Sisi wengine tuligawana hela ya tuzo, ile tuliyotunzwa na wageni jukwaani.

Wazee waliopiga kwenye bendi za mashirika, kina NUTA Jazz iliyoanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, au Mlimani Park ilipoanza 1978, walikuwa na mwajiri na mshahara wa mwezi. Sisi mwajiri wetu ni simu inayoita. Ndiyo maana watu wa namna hii wanapata pa kushika.

Kwa wale wa Sinza alitumia mbinu nyingine, na hii nimeisikia kwao wenyewe. Alipiga nao shoo ya kwanza vizuri na akalipa. Ya pili akawaambia waache kinanda na spika stoo ya ukumbi kwa sababu kesho yake kuna bonanza palepale, wasijisumbue na gharama ya gari. Asubuhi akaja na pikapu, mlinzi akamfungulia kwa sababu jana alimwona akitoa amri. Basi.

Na wadogo zetu anawatoza laki na nusu "ya kibali cha BASATA", lile Baraza la Sanaa la Taifa, ili wapangiwe shoo. Usajili na vibali vya BASATA vipo, lakini malipo ya serikali yanapita kwenye kontrol namba, hayatumwi kwenye laini ya mtu binafsi. Akikutajia namba ya simu, umeshajua.

Siku hizi hatuchukui shoo kabla hatujaongea na mwenye shughuli au mweka hazina wake moja kwa moja. Madalali waungwana wapo, nimefanya nao kazi miaka mingi, wanataja asilimia yao mbele ya mteja na hawaoni aibu. Anayemficha mteja anaficha bei. Nusu inaingia kabla, inayobaki inaingia kabla ya seti ya pili, na kama haijaingia tunakunywa maji. Mkataba ni karatasi moja tu yenye jina la mwenye shughuli na sahihi mbili. Vyombo vinalala kwetu, hata kama ni Bagamoyo na mvua inanyesha.

Kama ameshawapiga, nendeni kituoni mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi, na msifute chochote: meseji, sauti za WhatsApp, picha za mabango aliyotengeneza kwa sura zenu. Askari wa kwanza alituambia bila mkataba wa karatasi hakuna kesi. Sivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki, na mwingine alipopokea jalada alizichukua picha za miamala za kamati bila ubishi. Namba yake iripotini TCRA kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Kama nyinyi ndio mliomtumia hela, pigieni mtandao wenu papo hapo, msisubiri kukuche.

Nimesikia sasa anatafuta bendi za sherehe za mwisho wa mwaka, na anataja hoteli za Zanzibar. Akikupigia, usimtukane wala usimwambie umemsoma. Mwombe tu namba ya mwenye shughuli. Bendi mbili zilizomwomba hivyo alizikatia simu hapohapo.