Mbwa mdogo asiyepukutisha manyoya: mfungue mdomo kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaoishi kwenye maghorofa ya Nairobi yanafanana. Walitaka mbwa mdogo asiyeacha manyoya kwenye kochi, wakampata. Miaka michache baadaye mdomo unanuka, ufizi unatoka damu, na daktari wa mifugo anataja kung'oa meno.

Rangi na urembo mtajadiliana nyumbani. Mimi nawaomba mtazame meno. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, awe German Shepherd wa getini au Maltese wa kilo 3. Kwenye taya fupi la Maltese meno hayo yanabanana kama abiria wa matatu ya jioni, chakula kinanasa, ukoga unaganda, na ugonjwa unashuka hadi kwenye mfupa. Halafu kuna chonge za utoto. Zinapaswa kuwa zimeng'oka mbwa akifikisha miezi 7 hivi, lakini kwa mbwa wadogo mara nyingi zinabaki, na za ukubwani zinaota kando yazo. Ukiziona zimekaa mbili mbili, mwombe daktari azing'oe siku ya kumfunga kizazi, kwa nusukaputi hiyo hiyo.

Chaguo langu la kwanza ni Poodle, yule wa Miniature mwenye kimo cha sentimita 28 hadi 35, na namtetea waziwazi. Pua yake ni ndefu, meno yana nafasi. Ukoo wake ni wa mbwa waliowaokotea wawindaji bata majini, kwa hiyo anafundishika upesi, hata kupigwa mswaki kila siku. (Dawa ya meno iwe ya mbwa, baadhi ya zetu zina xylitol, kitia utamu, na hiyo ni sumu kwake.) Nywele zake hazikomi kukua: zichane mara kwa mara na uzikate kila wiki 4 hadi 6, la sivyo zinasokotana hadi kuivuta ngozi. Usishuke hadi Toy, yule Poodle mdogo zaidi, huko taya linafupika tena.

Wa pili ni Bichon Frise. Maltese namweka wa tatu, kwa mwenye subira ya mswaki. Yorkshire Terrier anasifika kwa chonge za utoto zisizong'oka. Shih Tzu ni wa mwisho: uso bapa, meno yamepindana, na joto la Mombasa linamtesa.

Japanese Spitz ni rahisi kumpata na bei yake ni nafuu, lakini anapukutisha manyoya kwelikweli.

Kinachonichoma ni wauzaji. Mtoto wa wiki tano, ambaye bado anamhitaji mama yake, wanakuambia ana wiki nane. Ukiomba kumwona mama, mama yuko ushago. Na sasa wamezua bei ya “teacup”, eti mbwa wa kutosha kikombeni. Huyo ni mbwa aliyezalishwa awe mdogo kupita kiasi, na taya lake ndilo finyu kuliko yote. Unatozwa zaidi ili uuziwe tatizo kubwa zaidi!

Mama ndiye wa kumkagua. Inua mdomo wake wa juu, tazama magego ya nyuma na ufizi, kwa sababu umbo la taya hurithiwa. Ukiambiwa utume pesa kwa M-Pesa kwanza ndipo uonyeshwe mama, kata simu.