Kilainishi cha jirani kimeniharibia taulo (mashine za kufulia za pamoja, Sweden)

Jamani naandika hasira bado zipo, mnisamehe nikirukaruka. Huku Sweden majengo mengi ya kupanga yana chumba cha kufulia huko chini kabisa, mnawekeana zamu, ukichelewa kama nusu saa hivi mwenzio anaichukua na wala haoni haya. Mpaka hapo sina neno, mashine zenyewe ziko vizuri tu.

Tatizo kilainishi, ile dawa ya maji ya kulainisha nguo wakati wa kufua. Tena mimi situmii! Juzijuzi nimetoka kuoga najifuta, taulo inasukuma tu maji huku na huku, hainyonyi, halafu mtoto anajikuna shingo na nguo nzima zinanuka maua. Nikashuka chini nikavuta kile kidroo cha sabuni, upande wenye alama ya ua, weee, mjibluu umeganda kama makamasi na ukungu mweusi pembeni. Kile kikofia cha katikati ndo kinavuta kilainishi kwenye kusuuza kwa mwisho, kikiziba kinabaki humohumo na anayefuata ndo anamaliziwa kwenye nguo zake. Yaani mimi.

Nikamsubiri mama wa zamu ya kabla yangu. Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, kwa adabu zote, samahani, tukimaliza tuwe tunasuuza kidroo. Akakifungua, akachungulia, akakifunga, eti "kinanukia vizuri, unalalamika nini?" Halafu akamimina tena mbele ya macho yangu, kifuniko cha kupimia kakishika mkono wa pili hana habari nacho, mstari wa MAX ukapitwa kitambo. Kesho yake nakuta karatasi ukutani, herufi kubwa, TUHESHIMIANE, jina hamna. Nikaichana.

Kwa hiyo kilainishi ni takataka, msinunue.

Ila haki ya Mungu mashuka yalitoka laini, na masweta yaliacha kunipiga vile vishoti vya umeme vya kipindi cha baridi, hilo siwezi kulikataa. Basi wekeni kidogo kwa mashuka. Taulo hapana, maana kinaacha utando juu ya nyuzi maji hayapiti, na nguo za mazoezi ndo kabisaa usithubutu, harufu ya jasho inang'ang'ania humo humo hata ufue vipi. Lakini kwenye mashine ya jengo zima? Hapana bwana, nimeghairi, kipigwe marufuku tu, kila mtu akalainishie kwenye beseni lake huko kwake. Na wenye nyumba nao, kazi kutuma barua za kodi, kuzungusha mashine tupu kwa nyuzi joto 90 mara mojamoja hawawezi?

Taulo nimezirudia na nyuzi 60 na siki kidogo mahali pa kilainishi, zimeanza kunywa maji, isipokuwa ile ya njano aliyonipa mama mkwe, imegoma, na anakuja mwezi ujao.