Pete za Warne kwenye CZ 550 ya kaliba .375: uzoefu wangu

Ninaishi Mwanza na ninamiliki kwa leseni raifo ya CZ 550, kaliba .375 H&H, ambayo naitumia zaidi katika Pori la Akiba Maswa, mkoani Simiyu. Wawindaji wengi ninaowafahamu humalizia fedha zao kwenye darubini, kisha huchukua pete zozote zitakazopatikana, yaani vile vibano viwili vinavyoishika darubini juu ya bunduki. Kwa bunduki yenye teke kali kama hii, naona utaratibu huo uko kinyume: pete ndizo zinazostahili kufikiriwa kwanza.

Mmiliki wa awali alikuwa amefunga reli ya alumini, yaani kipande kirefu cha kupachikia pete, juu ya mwili wa bunduki, na pete zikakaa juu ya reli hiyo. Mpangilio huo uliipandisha darubini kiasi kwamba shavu halikugusa kitako sawasawa, na kwa kuwa reli ilishikiliwa kwa kubanwa tu, bila kizuizi cha kuizuia isiteleze, kila kishindo kiliisogeza kidogo. Kusogea kidogo si jambo dogo. Ikiwa pete mbili zimeachana milimita 100, na moja ikahama pembeni kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi itaangukia sentimita 10 kando ya shabaha iliyo mita 100. Kwa nyati, hiyo ndiyo tofauti kati ya mnyama aliyeanguka na mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani, ambaye mwindaji na askari wa wanyamapori watalazimika kumfuata kwa miguu.

CZ 550 haihitaji reli kabisa, kwa sababu mwili wake umechongwa kiwandani ukiwa na mkia wa njiwa (ukingo wenye kingo za mshazari ambao pete huubana) wa milimita 19 na kishimo cha kupokea kizuizi cha pete. Nilichagua pete za chuma za kampuni ya Warne zilizotengenezwa kwa ajili ya umbo hilo hasa. Pete hizi zimegawanyika kwa wima, kulia na kushoto, na hazifanani na zile za kawaida zenye kifuniko cha juu. Mwanzoni kuzifunga kunahitaji utulivu, lakini zikishakaa zinashika kikweli. Mwenye CZ 527, raifo nyingine ya CZ, asizinunue kwa kudhani CZ zote ni sawa, kwani mkia wa bunduki hiyo ni wa milimita 16.

Darubini yangu ina bomba la milimita 30 na lenzi ya mbele isiyopanuka, kwa hiyo pete fupi zilitosha. Hata hivyo, kabla ya kununua pete fupi ni lazima kuhakikisha mkono wa bolti, ule unaovutwa kupakia risasi, unapita chini ya kioo cha nyuma bila kukigusa. Umbali wa jicho nao usipuuzwe: kwa kaliba hii sikubali chini ya milimita 90, maana darubini iliyo karibu mno hupasua nyusi.

Wenye raifo zenye reli wana hesabu nyingine. Reli hizo huwa za mtindo wa Weaver au wa Picatinny, na zote zina mifereji ya kukatiza: mfereji wa Weaver una upana wa milimita 4.57 na wa Picatinny milimita 5.23, pete za Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, lakini chuma cha kukatiza kilicho chini ya pete ya Picatinny hakiingii kwenye mfereji wa Weaver.

Katika kufunga, nilifuta mafuta yote kwenye skrubu, nikakaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana inayopima nguvu, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji wa darubini. Kukaza kwa hisia ya mkono huminya bomba. Kisha nikaweka tone la rangi ya kucha kati ya kila skrubu na pete, ili skrubu ikilegea ionekane kwa macho. Baada ya barabara za vumbi za porini na risasi za kutosha, alama hizo hazijapasuka, na bunduki bado inapiga pale ilipopimwa.

Upungufu wa pete hizi ni ule wa chuma chochote kandokando ya Ziwa Victoria: unyevu. Kila ninaporudi kutoka porini nazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, hasa kwenye mwanya wa chini ambako jasho la mkono na umande hujificha. Asiye tayari kwa kazi hiyo anunue za alumini nzuri, mradi ziingie moja kwa moja kwenye mwili wa bunduki na ziwe na kizuizi.