HMI ya inchi 7 kwa mashine yako: ipi uanze nayo

Wakuu, hili swali la skrini za kugusa za mashine naulizwa sana, ile HMI ambayo opereta anabonyeza kuwasha mota na kuangalia tenki limefika wapi, kwahiyo naandika kwa wanaofunga PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) kwenye vinu vya unga, pampu za maji, mashine za kujaza chupa na kazi kama hizo. Naongelea inchi 7 maana ndo saizi inayotosha kazi nyingi.

Kabla ya brandi, ulizia faili la mradi, yaani faili lenye kurasa zote na mipangilio iliyoingizwa kwenye skrini. Kuna kinu nilienda skrini imekufa, mpya ipo mkononi modeli ileile kabisa, ila aliyefunga mwanzo hakumwachia mwenye kinu faili wala nywila, nikakaa siku tatu nachora kila ukurasa upya huku nabahatisha adresi za ndani ya PLC moja moja, M10 ni mota ipi, D200 ni kipimo cha nini, na magunia ya mahindi yamerundikana nje. Iliniuma sana. Tangu hapo napanga skrini kwa kuangalia kwanza kama mwenye mali ataweza kuifungua programu yake.

Namba moja kwangu ni Weintek MT8071iP. EasyBuilder Pro, programu ya kuchorea kurasa zake, unadownload bure, skrini inaongea na PLC za kampuni nyingi sana, na kama mtengenezaji hakuweka zuio unaweza kuvuta mradi kutoka kwenye skrini ukaurudisha uharirike. Angalia tu usiuziwe MT6071iP, kwa mbele zinafanana lakini hiyo haina tundu la Ethernet (la kebo ya mtandao), na utalihitaji siku moja.

Namba mbili Siemens KTP700 Basic, ila inapanda kuwa ya kwanza kama tayari una S7-1200, PLC ya Siemens. PLC na skrini vinakaa mradi mmoja ndani ya TIA Portal, programu ya Siemens, ukiipa tagi (adresi yenye jina) jina hapa inaonekana na kule, hakuna kubahatisha. Ina vitufe 8 vya kubonyeza kabisa chini ya skrini, opereta mwenye mikono imejaa unga anavipenda. Ubaya: TIA ni ya laiseni ya kulipia, na mradi ukishaingia kwenye KTP huwezi kuuvuta tena uje uuhariri, faili likipotea ndo limepotea.

Namba tatu Delta DOP-100. DOPSoft, programu yake, nayo ni bure, na kama invata (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) na PLC zako ni Delta nunua hii bila kusita, nje ya hapo mimi ningerudi kwa Weintek.

Zile bodi za bei chee zenye PLC na skrini kwa pamoja zipo mwisho, ikifa moja umepoteza zote mbili.

Sasa kama unabadilisha brandi pima tundu la mlango wa paneli kwanza. KTP700 inataka 197 kwa 141 milimita, MT8071iP inataka 192 kwa 138, unaona tofauti ndogo lakini Weintek ukiiweka kwenye tundu la Siemens gasketi haipati pa kukalia vizuri, vumbi na maji vinapita, na ile IP65 (alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji) ni ya uso wa mbele tu ikiwa imekazwa sawasawa, mgongoni haina kinga hiyo.

Kuhusu glavu usihofu, hizi tatu ni rezistivu, zinasikia mgandamizo. Ila mkataze opereta kubonyeza kwa ncha ya bisibisi, bandika plastiki ya kinga. Taa ya nyuma nayo ina masaa yake, ya masaa 30,000 ikiwaka usiku na mchana ni kama miaka mitatu na nusu, kwahiyo weka ijizime isipoguswa dakika kumi.

Na stopu ya dharura isiwe kitufe cha kwenye skrini, hata mteja akuombe vipi. Weka ile nyekundu ya uyoga yenye waya zake, maana skrini ikiganda mkono wa mtu upo kwenye mkanda.

Siku ya kulipa fundi salio, mwambie aingize mradi kwenye skrini kutoka kwenye flashi yako wewe, mbele yako, halafu hiyo flashi ubaki nayo.